Jinsi ya Kuwasilisha Maoni Yako Kuhusu Mpango wa Usafiri wa Jiji

Siku greda linapoegeshwa mtaani, muda wa kutoa maoni umeshapita. Mkataba umesainiwa, mkandarasi ana mchoro mkononi, na kusogeza kituo cha basi hata mita 50 kunadai mlolongo wa barua ambao hakuna ofisa anayependa kuuanzisha. Kwa hiyo anza mapema.

Jua mpango umefika wapi

Mpango mkuu wa usafiri hutazama miaka 15 au 20 mbele, na hapo ndipo unapoweza kuhoji kama barabara ipanuliwe au fedha ziende kwenye mabasi. Kwenye upembuzi yakinifu, mjadala ni barabara ipite wapi na itagharimu kiasi gani. Usanifu wa kina ukianza, yamebaki mambo ya vivuko, vituo, mitaro na taa. Ukipeleka hoja ya mpango mkuu kwenye kikao cha usanifu utasikilizwa kwa adabu, basi.

Pata rasimu yenyewe

Kwenye tangazo nakili jina kamili la mradi, kumbukumbu namba, anwani ya kupokelea maoni na siku ya mwisho. Kisha omba rasimu pamoja na michoro yake. Kijitabu chenye picha za miti na watoto wanaocheka hakitakuambia njia ya waenda kwa miguu ina upana gani. Ukizungushwa, omba kwa barua yenye tarehe. Nchi nyingi sasa zina sheria ya haki ya kupata taarifa. Itaje kwenye barua hiyo.

Nenda ukahesabu

Hatua hii ndiyo watu huiruka, na ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Chukua saa, daftari na futi ya kupimia, ukasimame kwenye makutano yanayokukera.

Tuseme barabara ina upana wa mita 14, taa inawapa waenda kwa miguu sekunde 12, na rasimu imeuacha muda huo ulivyo. Kwenye karatasi zinatosha, maana wahandisi wengi hukokotoa kwa mwendo wa mita 1.2 kwa sekunde. Lakini mzee mwenye mkongojo, au mama aliyebeba mtoto na mzigo, huenda akatembea mita 0.8 tu. Huyo anahitaji sekunde 17 na nusu. Taa inambadilikia akiwa hajafika ng'ambo, na magari yameshaanza kunguruma. Hesabu wangapi wanakutwa hivyo ndani ya saa moja, siku ya kazi, na tena siku ya mapumziko.

Usidhani takwimu za raia hudharauliwa. Jijini Nairobi, wanafunzi na watafiti walipanda matatu wakiwa na simu zao, wakarekodi njia na vituo ambavyo havikuwa kwenye ramani yoyote ya umma. Ramani yao ilitoka mwaka 2014.

Andika ukurasa mmoja

Hoja moja, ushahidi wake, ombi lake. Malalamiko ya jumla ("foleni zimezidi") hayana pa kuwekwa kwenye mchoro. Kwa mfano:

*YAH: MAONI KUHUSU RASIMU, MCHORO NAMBA 7*
*Jumanne, kati ya saa 1 na saa 2 asubuhi, tulihesabu watu 340 wakivuka. 46 kati yao walikuwa bado barabarani taa ilipobadilika. Tunaomba muda uongezwe kutoka sekunde 12 hadi 18, au kijengwe kisiwa cha kusubiria katikati.*

Mhandisi akisoma hayo anaweza kwenda kuhakiki mwenyewe. Ambatisha picha mbili tatu.

Kama mko wengi, msidurufu barua moja na kubadilisha majina. Barua pacha huishia kuhesabiwa kama hoja moja. Kila mtu aandike la kwake kwa maneno yake, au mtie saini waraka mmoja wa pamoja.

Wasilisha, kisha nenda kikaoni

Peleka nakala mbili. Moja ibaki ofisini, nyingine urudi nayo ikiwa imegongwa mhuri wa kupokelewa. Ukituma kwa barua pepe, omba jibu la kuthibitisha.

Kikaoni utapewa dakika chache, pengine tatu. Taja jina lako, mchoro namba ngapi, na ombi. Historia ya mtaa iache. Kabla ya kuondoka, muulize katibu kama hoja yako imeingia kwenye muhtasari.

Fuatilia

Wiki chache baada ya muda kufungwa, omba jedwali la maoni na majibu. Tafuta mstari wako. Ukikuta wamekataa na sababu ipo, unaweza kuijibu kwenye rufaa, kama utaratibu unairuhusu. Neno la kuliangalia kwa makini ni "imezingatiwa". Ukilikuta, andika tena barua fupi ukiuliza: imezingatiwa kwenye ukurasa upi, na kwenye mchoro namba ngapi?