Ukoka wa mbegu: usipande kabla hujamaliza ndago

Uwanja wa mita za mraba 100 unataka nusu kilo tu ya mbegu za ukoka zilizokobolewa. Mbegu si tatizo. Tatizo ni walichoacha mafundi wa ujenzi ardhini: kifusi, mabaki ya zege, na sehemu lori lilipopita na kushindilia udongo. Ondoa kifusi chote, usikifukie. Lima kina cha sentimita 15, vunja mabonge, sawazisha uwanja ushuke sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kutoka ukutani ili maji yasielekee kwenye msingi.

Usipande bado. Mwagilia uwanja mtupu wiki 2 hadi 3 magugu yaote. Mengi yatakwisha kwa kupalilia juu juu, ila ndago, gugu lenye viazi vidogo ardhini, ina mambo yake. Ukiikatakata kwa jembe, mnyororo wa viazi vyake hukatika na viazi vilivyolala huamka, kila kimoja na mche wake. Ichimbue kwa jembe la meno uokote viazi, au ipulizie glaifoseti (dawa ya kuua magugu) ikiwa na majani mabichi kabla ya kutoa maua. Viazi vilivyolala havifi kwa dawa hiyo, kwa hiyo rudia ikichipua tena. Ni heri kupitwa na msimu mzima kuliko kupanda juu ya ndago.

Mchanga wa Dar es Salaam na pwani yote haushiki maji. Tandaza samadi iliyooza, unene wa sentimita 2 (karibu debe 100 kwa uwanja huo, ndiyo, ni nyingi), ongeza kilo 1 ya mbolea ya DAP, changanya kwa reki.

Panda vuli inapoanza. Mvua kubwa za Aprili husomba mbegu hadi mtaroni. Changanya mbegu na ndoo ya mchanga mkavu, gawa mafungu mawili: moja mwage ukienda urefu, la pili ukikata upana. Fukia kwa reki, isizidi nusu sentimita, kisha kandamiza kwa kuviringisha pipa. Mwagilia kidogo kidogo mara 3 kwa siku. Mbegu iliyoanza kuota ikikauka imekufa. Huota siku ya 7 hadi 14.

Nyasi zikifika sentimita 6, kata zibaki 4. Chini ya mwembe usihangaike na ukoka, unataka jua. Panda vipande vya nyasi za Pemba.