Mbwa wa Kuwinda: Mchague Anayerudi Akiitwa

Ukifika kwenye banda lenye watoto wa mbwa wa wiki nane, utamwona mmoja anayewakanyaga wenzake na kutangulia kwenye bakuli. Wawindaji wengi huondoka na huyo. Mimi nakushauri ukae chini kwanza robo saa hivi, uwatazame. Funga kitambaa kwenye kamba, kiburute mchangani. Karibu wote watakifukuza. Kisha inuka, tembea polepole, piga makofi mara mbili na uwaite. Yule aliyekifukuza kitambaa kwa nguvu, halafu akakiacha na kuja kukutazama usoni, ndiye wa kwenda naye nyumbani. Hamu ya kukimbiza karibu kila mbwa anayo. Utayari wa kuacha anachokifanya ili akusikilize, huo ni adimu. Kwa sehemu mbwa huzaliwa nao, na wewe unaweza kuukuza au kuuua.

Nalisisitiza hili kwa sababu hasara nyingi nilizoziona zilitokana na mbwa asiyerudi: kapotea porini, kaua mbuzi wa watu, kagongwa na gari, kakimbia mpaka joto likamuua.

Kazi kwanza, mbwa baadaye

Wapo wanaowinda kwa macho, kama saluki, azawakh na greyhound. Hawa ni wembamba, wana mbio za kutisha, na kazi yao ni uwanda wazi ambako windo linaonekana. Wapo wa pua, kama bloodhound, beagle na foxhound, ambao hufuata harufu chini kwa saa nyingi. Wengi wao hubweka njiani ili mwindaji ajue walipo. Pointer na setter hunusa hewani, kisha husimama tuli wakielekeza alipojificha ndege. Spaniel humkurupusha, retriever humleta mkononi. Dachshund na terrier wadogo huingia mashimoni. Basenji wa misitu ya Kongo hana kawaida ya kubweka, kwa hiyo wawindaji humfunga njuga shingoni wapate kujua anapopita.

Ukimchukua greyhound ukamtaka afuate nyayo za jana usiku kwenye kichaka kizito, kosa si la mbwa. Na usimdharau mbwa wa kienyeji. Mtoto wa jike anayewinda vizuri katika mazingira yale yale utakayomtumia, aliyezoea joto lake na miiba yake, mara nyingi atakufaa kuliko mbwa wa nasaba ndefu ambaye wazazi wake hawajawahi kukanyaga nyasi ndefu.

Soma pia sheria ya wanyamapori ya nchi yako kabla hujatumia hata shilingi moja. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Kule England na Wales, sheria ya mwaka 2004 ilizuia kuwinda mamalia wa porini kwa mbwa, isipokuwa kwa hali chache zilizotajwa. Pale ambapo uwindaji umefungwa, mbwa wa pua bado ana kazi ya heshima: kutafuta waliopotea, na kuwasaidia askari wa wanyamapori kufuata nyayo za majangili.

Kupandisha

Jike huingia kwenye joto kila baada ya miezi sita au saba hivi, ingawa wapo wanaopita mwaka mzima. Hutoa damu kwa takriban siku tisa huku akiwafukuza madume, kisha huanza kuwakubali kwa siku nyingine kama tisa. Andika tarehe ya tone la kwanza ukutani. Siku ya 10 hadi ya 14 kwa kawaida ndiyo nzuri, na ni vizuri apandwe mara mbili, siku mbili zikipita katikati.

Usimpandishe joto la kwanza. Ngoja afikishe miaka miwili hivi. Mifupa itakuwa imekomaa, nyonga zitaweza kupigwa eksirei na kusomwa vizuri, na la maana kuliko yote, utakuwa umeshamwona kazini. Mbwa ambaye hujamwona kazini hujui unazalisha nini. Dume naye apimwe kwa kipimo hicho hicho: je, anarudi akiitwa? Anatulia mlio wa bunduki ukisikika? Anaiacha mifugo? Dume mwenye mbio za ajabu asiye na masikio atakupa watoto wanane wasio na masikio. Wote wawili wapimwe na ugonjwa wa brusela, kwa sababu hutoa mimba, humaliza uzazi, na binadamu pia huambukizwa.

Halafu lipo suala la undugu. Wafugaji hupenda kumpandisha baba kwa bintiye "ili kushika damu". Hesabu yake ni hii: kwa baba na binti, au ndugu wa baba na mama mmoja, nafasi ya mtoto kurithi nakala mbili za jeni ile ile, yaani chembe ile ile ya urithi, kutoka kwenye ukoo wa pamoja wa wazazi wake ni asilimia 25. Kwa ndugu wa mzazi mmoja ni asilimia 12.5, na kwa watoto wa ndugu ni 6.25. Hivyo ndivyo ubovu uliojificha unavyotokeza: nyonga mbovu, upofu, watoto wachache na dhaifu. Kama mna mbwa watatu tu katika eneo lenu, safirini mkatafute dume mbali.

Mimba huchukua siku 63 hivi. Wiki tano za kwanza jike ale kawaida yake. Baada ya hapo muongezee kidogo kidogo, kwa milo midogo ya mara kwa mara. Usimpe vidonge vya kalsiamu ukidhani unamsaidia. Mwili wake huzoea kupewa na kusahau kuchota kwenye mifupa, kisha maziwa yakianza kutoka kwa wingi kalsiamu ya damuni hushuka, naye huanza kutetemeka na kukakamaa. Hali hiyo inaweza kumuua.

Kuanzia siku ya 58 mpime joto la mwili asubuhi na jioni. Kawaida ni nyuzi 38 hadi 39.2. Likishuka chini ya 37.2, jiandae, atazaa ndani ya saa 24 hivi. Mwache azae kwa utulivu, lakini ukae karibu. Akisukuma kwa nguvu nusu saa bila mtoto kutoka, au saa mbili zikipita tangu mtoto aliyetangulia na bado wapo wengine tumboni, au uchafu wa kijani ukitoka kabla ya mtoto wa kwanza, mwite daktari wa mifugo hapo hapo. Usingoje kukuche.

Mtoto aliyezaliwa sasa hivi hawezi hata kutetemeka ili ajipashe moto. Akiwa na baridi hanyonyi, na asiponyonya anazidi kupoa. Mkamate mdogo kuliko wote, mtie kidole mdomoni: ndani pawe na joto na ulimi ukubane. Pakiwa baridi, mpashe moto kwanza taratibu kifuani mwako, ndipo umpeleke kwenye chuchu. Wote wanyonye maziwa ya kwanza ndani ya saa 24, maana ndiyo yenye kinga ya mama. Wapime uzito kila siku. Katika siku 7 hadi 10 kila mmoja awe amefikia uzito maradufu wa ule aliozaliwa nao. Anayekwama unamwona kwenye mizani siku moja au mbili kabla hajadhoofika machoni.

Wiki ambazo hazirudi

Macho hufunguka kati ya siku ya 10 na ya 14, masikio muda mfupi baadaye. Kuanzia wiki ya tatu hadi kama ya 14 mtoto hujifunza ni nani wa kumwamini duniani. Kule Bar Harbor, Marekani, watafiti waliwahi kuwalea watoto wa mbwa kwenye uwanja uliozungushiwa ua, mbali na binadamu. Walioachwa hivyo hadi wiki ya 14 walikuwa kama wanyama wa porini, wakikimbia watu kwa hofu. Mtoto anayefungiwa bandani miezi minne "asije akazoea watu akaharibika" anatengenezwa hofu ambayo hataivua maishani.

Kwa hiyo akae na mama na ndugu zake hadi wiki ya nane, hapo ndipo hujifunza kupunguza meno. Lakini mshike kila siku. Apite kwenye maji, kwenye nyasi ndefu, awaone kuku na mbuzi akiwa amefungwa kamba, naye asifiwe anapogeuza uso na kukutazama. Sauti ya bunduki ianze kama mlango unaogongwa mbali wakati anakula. Ukiona ameacha kula na kuinua kichwa, uko karibu mno, rudi nyuma. Anayempeleka kijibwa kwenye milio ya risasi siku ya kwanza humwogopesha kwa sekunde moja na kumtibu kwa mwaka.

Kuitwa ndilo somo la kwanza na la mwisho. Mwite kwa filimbi kabla ya kila mlo, ili mlio huo uwe ni chakula masikioni mwake. Kisha tumia kamba ndefu ya mita kumi. Mwache anuse. Piga filimbi mara moja tu, si mara tano. Asipogeuka, ivute kamba taratibu huku ukirudi nyuma, na akifika mpe kipande cha nyama na umwachie aende tena. Hapa ndipo wengi huharibu: humwita mbwa pale tu wanapotaka kumfunga na kumrudisha nyumbani, naye hujifunza haraka kwamba filimbi ni mwisho wa raha. Mwite mara kumi, umwachie mara tisa. Na kamwe usimwite kisha ukampiga. Hata kama amerudi baada ya saa nzima na wewe umechemka kwa hasira, mpokee.

Mbio ndefu zingoje hadi apite miezi 12, kwa mbwa wa maumbo makubwa hadi 18, mifupa ifunge. Kumpeleka na mbwa mzee mwenye adabu kunasaidia sana; kumpeleka na mbwa mtoro kunafundisha utoro kwa kasi zaidi.

Chanjo na minyoo

Dawa ya minyoo wiki ya 2, 4, 6 na 8, kwani minyoo mingine humfikia mtoto angali tumboni mwa mama. Chanjo za distempa na parvo, magonjwa ya virusi yanayoua mbwa, zianze wiki ya sita hadi ya nane, zirudiwe kila wiki tatu au nne hadi wiki ya 16. Homa ya mgunda (leptospirosisi) pia ina chanjo, na mbwa anayekunywa madimbwi anaihitaji. Kichaa cha mbwa achanjwe akifika miezi mitatu, arudiwe baada ya mwaka. Mtu akiumwa na mbwa asiyejulikana, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona.

Chanjo si kwa ajili ya mbwa wako tu. Mwaka 1994 distempa iliingia Serengeti na kuua karibu theluthi moja ya simba wake, na mbwa wa vijiji vya jirani ndio waliohusishwa. Mbwa wa kuwinda anakanyaga anakokanyaga mnyama wa porini. Asiyechanjwa hana haki ya kuingia huko.

Siku ya kazi

Mbwa wangu wa pili, dume mwekundu wa kifua kipana, alikufa saa tano asubuhi. Hewa ilikuwa nzito, imejaa unyevu. Nilipiga filimbi. Aligeuza kichwa, akanisikia, akaendelea. Nilipomkuta chini ya kichaka ulimi ulikuwa umetanuka mwisho kama mwiko, ufizi mwekundu kama tofali, na alipoinuka alitembea kama mlevi. Nilikuwa na chupa mbili za maji. Hazikutosha.

Mbwa hatoi jasho kama sisi. Hujipoza kwa kuhema, na anayehema sana hata kunusa kunapungua. Toka alfajiri, rudi jua halijakaza, na beba maji mengi kuliko unavyodhani. Ukiziona dalili nilizozitaja, simama. Kivulini, mmwagie maji mwili mzima, tumboni na mapajani, mpepee, mpe anywe kidogo kidogo. Usimfunike kitambaa kilicholowa ukakiacha, kinazuia joto kutoka. Kisha mpeleke kwa daktari hata kama ameinuka na kutikisa mkia, maana figo huweza kuharibika baadaye.

Mlo mkubwa uwe jioni, akiwa amepumzika kwa muda wa saa moja au zaidi, si kabla ya mbio. Mbwa wa kifua kirefu aliyeshiba anaweza kujaa gesi na tumbo likajipinda: huvimba, hujaribu kutapika bila kutoa kitu. Hiyo ni dharura ya dakika, si ya kesho.

Matumbo mabichi ya windo usimtupie. Maini na mapafu yenye uvimbe wa maji humpa mbwa tegu wa hidatidi, na mayai yake humfikia mtoto wako kupitia manyoya na mikono. Nyama mbichi ya nguruwe pori nayo ina virusi viitwavyo Aujeszky katika maeneo mengine, na mbwa akivipata hufa. Pika vyote.

Mkirudi, kabla hujavua viatu, mlaze ubavu. Pitisha vidole katikati ya kila ukucha, ndani ya masikio, kwapani, chini ya mkia. Unatafuta kupe, miiba, na zile mbegu za nyasi zenye ncha ya mshale ambazo huingia nyamani na kusafiri mbele tu, hazirudi nyuma. Siku zinazofuata tazama ufizi: ukipauka, na mkojo ukawa rangi ya kahawa, ni homa ya kupe, usingoje. Kwenye mapori yenye mbung'o, jicho likianza kuwa na ukungu wa buluu, mwambie daktari apime damu kutafuta ndorobo, yaani nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o.

Akifika miaka minane au tisa mwendo utapungua, ila pua haitapungua sana. Msimwache nyumbani akilia getini. Mpeni asubuhi fupi, ardhi tambarare, pamoja na kijibwa kipya kilichofungwa kamba ya mita kumi, na mkipiga filimbi mtazame ni nani anayegeuka wa kwanza.