Namna ya kumfanya rafiki wa mbali amwandikie mbunge wake

Mswada wa Fedha wa 2024 ulipotaka kuweka ushuru wa asilimia 25 kwenye mafuta ya kupikia, mimi nilikuwa hapa Kisauni, karai la mahamri liko motoni, na mtungi wa lita 20 umebaki robo. Nilimwandikia mbunge wangu. Lakini Mombasa nzima ina maeneo bunge 6, na Kenya ina 290. Mbunge wa Voi kura yangu haimsaidii kitu. Ya binamu yangu aliye huko Voi ndiyo anayoihitaji. Tangu siku hizo nawatafuta ndugu na marafiki wa mbali, na hivi ndivyo ninavyofanya.

Muulize kwanza amejiandikisha kupiga kura wapi. Shoga yangu mmoja anafanya kazi Nakuru, kura yake iko Webuye, na Webuye yenyewe ni maeneo bunge mawili, Mashariki na Magharibi. Angalia pia jambo ni la nani: ushuru wa nchi ni wa mbunge, ada ya soko ni ya MCA, mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti.

Usimtumie ujumbe wa kusambazwa. Mpigie simu, mzungumze. Binamu yangu nilimuuliza tu, "Mafuta mwanunua vipi huko?" Ana kibanda cha chipsi, akamwaga yote yaliyomjaa moyoni. Nikamwambia, "Basi mwandikie hayo hayo, kama ulivyoniambia mimi." Akaandika:

"Mheshimiwa, mimi ni mpiga kura wako, wadi ya Kaloleni, Voi. Nauza chipsi. Mafuta yakipanda nafunga kibanda na watoto watatu wako shule. Naomba uukatae ushuru huu. Je, utapiga kura vipi?"

Mimi nisingeweza kumtungia maneno yale. Lile swali la mwisho ndilo nililomwongezea, kwa sababu ombi hupita kimya, swali hudai jibu. Matusi asitie hata neno moja, hata awe na hasira kiasi gani.

Bunge la Taifa hukaa Jumanne, Jumatano na Alhamisi, kwa hiyo mhimize aandike kabla ya Jumanne. Akiweza kufika ofisi ya mbunge kule kwao ni bora zaidi. Aende na jirani mmoja au wawili, achukue barua nakala mbili, moja aiache na ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa. Akupigie picha muhuri huo. Mswada ukiwa kwenye maoni ya umma, ambayo ni haki yetu kwa Kifungu cha 118 cha Katiba, barua iende pia kwa Karani wa Bunge.

Baada ya siku tatu mpigie tena. Wengi huahidi kwa moyo safi kisha shughuli zikawameza.

Ushuru ule wa mafuta uliondolewa tarehe 18 Juni. Mswada wenyewe ulipita tarehe 25, kura 195 kwa 106, siku ile ile vijana wetu walipopigwa risasi nje ya Bunge, na kesho yake Rais akakataa kuutia saini. Kura ikipigwa kwa majina, Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, huonyesha nani alisema ndiyo na nani alikataa. Mtafutie rafiki yako jina la mbunge wake, umtumie. Aliyekataa aandikiwe shukrani, aliyekubali aulizwe sababu. Na namba ya mbunge aihifadhi, maana Mswada wa Fedha huletwa kila mwaka kufikia mwisho wa Aprili.