Kubadili diski za breki za mbele nyumbani: Toyota Corolla NZE121

Hatua hizi zinaingia kwenye Toyota ndogo nyingi, ila vipimo vya kukaza ni vya Corolla hii. Gari lako likiwa jingine, tafuta vipimo vyake.

Kabla ya kununua, pima. Kwenye diski pamechorwa MIN TH na namba ya milimita: huo ndio unene wa mwisho unaoruhusiwa. Pima pale pedi zinaposugua. Ukingo wa nje hauliwi, hubaki mnene, na venia (kifaa cha kupimia unene) ikiuegemea itakudanganya.

Andaa diski 2 (hazibadilishwi moja moja), pedi 4, seti mpya ya klipu za pedi, grisi ya silikoni ya breki, dawa ya kusafishia breki, brashi ya waya, msasa, boksi namba 14, 17 na 21, toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza, kwa N·m), klampu, jeki na stendi 2. Ongeza bolti 2 za M8 zenye uzi wa 1.25, kazi yake utaiona.

1. Paki pasipo mteremko, zuia tairi za nyuma kwa mawe, vuta hendibreki. Legeza nati tairi likiwa bado chini, ndipo upige jeki na kuweka stendi. Fungua upande mmoja tu kwanza, ili wa pili ubaki wa kuangalizia.

2. Kopo la oili ya breki likiwa limejaa, nyonya kidogo kwa sirinji, maana pistoni ya kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) ikirudi oili hupanda na kumwagika. Oili hii hula rangi ya gari. Fungua bolti 2 za 14, toa kalipa, uitundike kwa waya kwenye springi. Isining'inie kwa hosi yake.

3. Sukuma pistoni kwa klampu, ukiikingia pedi ya zamani. Taratibu.

4. Fungua bolti 2 za 17 za breketi (fremu inayoshika kalipa na pedi). Zimekazwa sana, tumia mpini mrefu.

5. Toa diski. Kwa magari ya Dar au Mombasa, chumvi ya baharini huigandisha kwenye habu (kitovu kinachobeba diski na tairi). Kuna matundu 2 yenye uzi kwenye diski: ingiza zile bolti za M8, kaza moja robo mzunguko, hamia nyingine, mpaka iachie. Nyundo nzito inaumiza beringi.

6. Safisha habu. Hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi nzima. Gamba la kutu likibaki kati ya habu na diski, diski inakaa upande, na kosa lile huongezeka kuelekea ukingoni. Toyota wanaruhusu myumbo usiozidi milimita 0.05. Diski inayoyumba hugusa pedi mahali palepale kila inapozunguka, inaliwa bila usawa, na baada ya kilomita elfu chache usukani unaanza kutetemeka. Kisha lawama zote anatupiwa muuza spea. Sugua mpaka chuma king'ae, hasa kuzunguka mizizi ya stadi (bolti za kufungia tairi), ufute vumbi lote.

7. Pini za kalipa, ambazo kalipa hutelezea. Zichomoe, zifute, angalia raba. Pini yenye raba nchani irudi kwenye tundu lake lilelile. Paka grisi ya silikoni tu. Grisi ya beringi huvimbisha raba na pini inakwama. Ng'oa klipu kuukuu, kwangua kutu chini yake kwa tupa, pachika mpya. Kutu ikiachwa, klipu huinuka na pedi inabanwa hata mguu ukiwa umeshaondoka.

8. Osha diski mpya kwa dawa ya breki kuondoa mafuta ya kiwandani. Rudisha breketi kwa 107 N·m, weka pedi (yenye kibati kinachopiga kelele pedi ikikaribia kuisha ikae ndani, upande wa pistoni), funga kalipa kwa 34 N·m. Nati za tairi ni 103 N·m, ukikaza kwa kukingamanisha.

9. Maliza upande wa pili. Kabla gari halijasogea hata hatua moja, kanyaga pedeli mara nyingi mpaka iwe ngumu, kisha angalia kiwango cha oili. Kanyago la kwanza litazama mpaka chini. Usiligundue hilo ukiwa unatoka getini.

10. Zizoeshe diski na pedi mpya: toka 50 km/h punguza hadi 10, kama mara 10, ukiacha nafasi zipoe. Usisimame ukiwa umekanyaga zikiwa za moto.

Maswali

*Wakuu, fundi anasema zichongwe tu, nisinunue. Sawa?*
Sawa, ikiwa zitabaki juu ya MIN TH baada ya kuchongwa na zina unene wa kuliwa tena. Diski nyembamba hupata moto haraka. Linganisha gharama ya kuchonga na bei ya mpya.

*Pedi ya ndani imekwisha, ya nje bado nene. Tatizo nini?*
Pini zimekwama, mkuu. Kalipa haitelezi, hivyo anayefanya kazi ni pedi ya upande wa pistoni peke yake. Pini zikiteleza vizuri, jaribu pistoni: ikigoma kurudi kwa klampu, ina kutu.

*Langu lina diski na nyuma. Napiga klampu hivyohivyo?*
Inategemea hendibreki. Ikifanya kazi kupitia kalipa, pistoni huzungushwa huku ikisukumwa. Ukiilazimisha utavunja utaratibu wa ndani. Ikiwa ni ya umeme, iweke kwanza kwenye hali ya matengenezo kwa mashine ya kupimia kompyuta ya gari. Zikiwa ni viatu vidogo vya breki ndani ya diski, shusha hendibreki na ulegeze ajasta yake (kirekebishi cha viatu hivyo), la sivyo diski haitoki.