Njia ya naiti wa Malta mwenye nadhiri: kutoka kwa paroko hadi nadhiri za daima

Shirika la Kijeshi la Malta, la Kikatoliki na la kuhudumia wagonjwa, lina wanachama maelfu, lakini wanaotanguliziwa neno Fra' mbele ya jina ni makumi tu. Fra' ni kifupi cha frater, "ndugu" kwa Kilatini, kama vile sisi tunavyosema Bruda. Hao ndio Manaiti wa Haki (Knights of Justice), daraja la kwanza, walioweka nadhiri za ufukara, useja na utii. Kisheria ni watawa kamili, ingawa wengi wao si mapadre. Daraja la pili huweka ahadi ya utii bila kuacha ndoa wala mali. Daraja la tatu ni walei wasiofungwa na nadhiri wala ahadi hiyo. Mwongozo huu unahusu daraja la kwanza, ambalo ni la wanaume peke yao.

Hakikisha kwanza umebisha mlango wa kweli. Shirika lenyewe lilianzia hospitali ya mahujaji Yerusalemu chini ya Mwenyeheri Gerard, likatambuliwa na Papa Paskali wa Pili tarehe 15 Februari 1113, likahamia Rhodes, kisha Malta kuanzia 1530 hadi 1798, na tangu 1834 makao yake yako Roma. Msalaba wake mweupe wenye ncha nane unawachanganya wengi kwetu, kwa sababu vijana wa huduma ya kwanza wa St John huuvaa kwenye viwanja vya michezo na sherehe za kitaifa. Hao wanatokana na tawi la Uingereza, ambalo halidai Ukatoliki wala nadhiri. Shirika la Kaburi Takatifu ni la Kikatoliki, lakini manaiti wake ni walei bila nadhiri za kitawa. Knights of Columbus ni chama cha kindugu cha walei. Kisha kuna vikundi vinavyouza vyeo kwa majina yanayofanana na haya. Oktoba 2012 Sekretarieti ya Vatikano ilieleza kwamba, mbali na nishani za Papa mwenyewe, Kiti Kitakatifu kinatambua mashirika mawili tu ya kinaiti: Malta na Kaburi Takatifu. Ukiona bei ya joho na cheo vimetangulia kabla hujaulizwa habari za paroko wako, ondoka.

Anza na paroko, kisha andika kwa chama cha kitaifa cha Shirika au kwa Prioria Kuu, yaani tawi la eneo la Shirika, iliyo karibu na unapoishi. Usitume barua moja kwa moja kwa Mkuu wa Shirika. Mtu hapimwi kwa barua. Anapimwa akiwa kazini na wagonjwa kwa muda mrefu, na anayetaka nadhiri bila kuwahi kufanya kazi hiyo huonekana upesi.

Nayo kazi ina ufundi wake. Mwezi Mei kila mwaka Shirika huwapeleka wagonjwa Lourdes, Ufaransa, na wanachama ndio wanaowavuta. Kigari cha huko ni cha rangi ya buluu, kina kofia ya kukunja dhidi ya mvua, na kina mpini mrefu mbele. Mmoja huvuta na mwingine husukuma kwa nyuma. Mwambie mgonjwa kabla ya kuondoka, "Tunaanza sasa," maana anayevutwa bila kuambiwa hushtuka na kujikaza mwili mzima. Kwa kiti cha kawaida cha magurudumu, ukifika mteremko mkali geuza kiti na ushuke kinyumenyume, uzito wake ukiuegemeza mwilini mwako. Blanketi likunjwe juu ya magoti, ncha zisiburute zikaingia kwenye magurudumu. Zamani, katika hospitali ya Shirika huko Malta, wagonjwa walilishwa kwa vyombo vya fedha, na manaiti wenyewe walipangiwa zamu za kuwahudumia, kwa sababu tangu Yerusalemu mgonjwa aliitwa bwana wao. Asiyeweza kumwosha mzee kitandani bila kukunja uso bado hajafika.

Sasa makaratasi. Sheria za Kanisa za 1983 zinadai cheti cha ubatizo, cha kipaimara, na uthibitisho kwamba uko huru, yaani hufungwi na ndoa wala nadhiri. Usipeleke kile cheti ulichopewa ukiwa mtoto. Omba kipya kutoka parokia uliyobatiziwa, kwa sababu pembeni mwa jina lako katika kitabu cha ubatizo ndipo ndoa na nadhiri huandikwa, na nakala mpya ndiyo itakayoonyesha kama pembe hiyo ni tupu.

Mambo matatu hukwamisha watu hapa. La kwanza ni ndoa. Aliye ndani ya kifungo cha ndoa hawezi kupokelewa kihalali katika unovisi, yaani kipindi cha malezi na majaribio kabla ya nadhiri, na talaka ya serikali haifungui kifungo hicho. Ndoa ikisemekana ni batili, mahakama ya Kanisa ndiyo iamue kwanza. Mjane hana kizuizi hicho. La pili ni nadhiri za shirika jingine: ukizificha, upokelewaji wako wenyewe ni batili. La tatu ni madeni. Mkuu haruhusiwi kumpokea mtu aliyelemewa na madeni asiyoweza kuyalipa. Hesabu mkopo wa chuo, hesabu wa benki, na usisahau pale ulipoweka sahihi kumdhamini mwenzako SACCO. Fedha hiyo haiko mfukoni mwako, lakini akishindwa yeye utafuatwa wewe. Malizana na udhamini huo mapema, kwa maandishi.

Unovisi ndio moyo wa safari. Sheria ya jumla inataka miezi 12 kamili katika nyumba iliyoteuliwa, na usizidi miaka miwili, labda kwa nyongeza ya miezi 6 tu kama bado kuna shaka. Hesabu ya siku ni kali. Ukikosekana zaidi ya siku 15, zifidiwe. Ukikosekana zaidi ya miezi 3, hata kwa vipande vipande, unovisi wote ni batili na unaanza upya. Mtu mwenye ajira ya kusafiri apange likizo isiyo na malipo kabla ya kuanza, wala asitegemee kuombewa huruma katikati. Novisi anaweza kuondoka siku yoyote bila lawama. Zamani mtihani ulikuwa baharini: naiti kijana alidaiwa karavana 4, yaani zamu za safari kwenye mashua za vita za Malta, kila moja isiyopungua miezi 6.

Kabla ya nadhiri za kwanza, panga mali. Utampa mtu mwingine usimamizi wake na utaamua mapato yaende kwa nani. Wosia uwe tayari kabla ya nadhiri za daima, na uwe na nguvu mahakamani pia, si sakristia peke yake. Hapa nasisitiza, kwa sababu shamba la ukoo lililobaki kwenye hati kwa jina la babu huzua ugomvi mkubwa kuliko fedha za benki. Maliza mirathi na kubadili jina kwenye hati kwanza, ndipo uandike wosia. Baada ya nadhiri, mshahara wako na pensheni yako ni vya shirika. Hata enzi za Malta, naiti akifa hazina ya Shirika ilichukua sehemu nne kati ya tano za mali yake, na ile ya tano tu ndiyo aliyoweza kuiusia, tena kwa kibali.

Nadhiri za muda huchukua miaka isiyopungua 3 wala kuzidi 6, zikiongezwa zisivuke 9. Muda ukiisha, unaweza kwenda kwa uhuru. Baada ya nadhiri za daima, kutoka kunahitaji kibali cha Kanisa, na hakitolewi kwa urahisi.

Miaka hiyo ya muda ina hatari isiyozungumzwa. Manaiti wengi wameishi makwao, wakienda kazini kama watu wengine, na kumbe utii bila mwenzako mezani hulegea polepole. Katiba mpya ya Shirika aliyoitangaza Papa Fransisko tarehe 3 Septemba 2022 ilikaza upande wa utawa, na pia ikaacha kudai ukoo wa kikabaila kwa anayechaguliwa Mkuu. Weka saa ya sala za Masifu ya Asubuhi na ya Jioni isiyosogezwa na kazi, padre mmoja wa kukuongoza, na zamu ya wagonjwa kila wiki iliyoandikwa kwa jina lako, ili usipofika kuna mtu atakayeuliza.

Nadhiri za daima zikishawekwa, hakikisha taarifa imetumwa parokia uliyobatiziwa. Subiri miezi michache, kisha omba nakala ya cheti chako uangalie kama pembeni mwa jina lako pameandikwa.