Jinsi ya kueleza sanaa ina maana gani kwako unapoitetea mbele ya halmashauri

Anayetetea sanaa mbele ya madiwani huulizwa, mapema au baadaye, swali ambalo hakujiandaa nalo: wewe mwenyewe sanaa imekufaa nini? Mara ya kwanza nilipoulizwa hivyo katika kikao kimoja hapa Tabora, nilijibu kwamba sanaa ni kioo cha jamii, na kabla sijafika sentensi ya pili mjumbe mmoja alikuwa ameshafunua kabrasha kwenye ajenda inayofuata. Simlaumu, kwani maneno hayo huyasikia kwenye kila tamasha.

Anza, basi, kwa kutafuta jambo moja ulilolishuhudia, lenye mahali, watu na kazi ya mikono. Mimi nilirudi kwa babu yangu, fundi wa kuwamba ngoma, ambaye alikuwa akinituma nikusanye nyasi kavu za kuwashia moto. Ngozi ya ng'ombe ikipata unyevu hulegea na sauti ya ngoma haifiki mbali. Ikisogezwa motoni hukaza, lakini ikizidishiwa joto hupasuka. Babu aliigonga kwa vidole, akainamisha kichwa, akaigeuza kidogo, akagonga tena, na mimi sikuruhusiwa kutamka neno. Nilikuwa mtoto mwenye kigugumizi, na pale motoni ndipo mahali pekee ambapo kunyamaza kwangu kulihesabiwa kuwa kazi.

Andika kisa chako, kisha kisome kwa sauti huku ukipima muda. Dakika 3 zinatosha, kwa kuwa madiwani nao wana barabara na maji ya kujadili. Futa kila sentensi ambayo msanii wa mkoa wowote angeweza kuisema, na kama kisa kinamhusu mtu mwingine, mwombe ruhusa kwanza.

Kisha fuatisha ombi moja lililo ndani ya uwezo wao. Kuwakumbusha kwamba Baraza la Sanaa la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1984 hakusaidii, maana hilo haliko mikononi mwao. Kilichoko mikononi mwao ni asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha ngoma cha vijana wa Isevya chenye usajili, akaunti ya benki na mchanganuo wa bei za ngozi, mavazi na nauli kinaweza kuomba kama kinavyoomba kikundi cha wafuga kuku. (Ni mkopo, wala si ruzuku, kikundi kisicho na mialiko ya harusi kisiuguse.) Kabla ya kikao, mwone afisa utamaduni na afisa maendeleo ya jamii, ili ombi lako lisiwe jipya masikioni mwao.

Siku yenyewe, beba kitu unachokisimulia. Mimi huweka mezani ngoma ndogo ya babu na siipigi mpaka mtu aniombe, na msimu wa mvua huianika juani kwanza nje ya ukumbi, jua likikubali kutoka.