Somo: Chagua rangi ya bafu ukiwa ndani ya bafu

Wengi wetu tunachagua rangi ya bafu tukiwa tumesimama dukani, chini ya taa ya duka, mkononi tumeshika kadi yenye vipande vidogo kama stempu. Ndoo ikifika nyumbani na rangi ikipanda ukutani, inatokea rangi nyingine kabisa. Mimi ni fundi rangi hapa Kigoma, na ninaitwa kurudia bafu mara nyingi kuliko sebule. Inaniuma, maana pesa ya rangi haipatikani kirahisi. Tufuatane taratibu.

Hatua ya kwanza: anza na visivyobadilika

Vigae, sinki na bakuli la choo hutavibadilisha leo, kwa hiyo rangi ndiyo ivifuate. Chukua kigae kimoja kilichobaki, kilaze pembeni ya karatasi nyeupe ya kuandikia, ukitazame mchana. Vigae vingi tunavyoviita vyeupe vina unjano kidogo au ukijivu kwa ndani, na karatasi itakuonyesha palepale. Kikielekea njano, ukuta uchukue krimu, rangi ya maziwa au ya mchanga. Kikielekea kijivu, nenda kwenye samawati au kijivu chepesi. Krimu ikikaa juu ya kigae chenye ukijivu inaonekana kama ukuta uliokosa kuoshwa, hata ukiupaka jana.

Hatua ya pili: soma mwanga wa bafu lako

Hapa ndipo penye kazi. Sisi tuko magharibi kabisa mwa nchi lakini tunatumia saa moja na Dar es Salaam, kwa hiyo jua linafika utosini karibu saa saba mchana, na linazama ziwani karibu saa moja jioni. Ndiyo saa ambayo watu wamerudi kutoka kazini na wanaoga. Bafu lenye dirisha linalotazama ziwa, kuanzia saa kumi na moja, linajaa mwanga wa dhahabu. Krimu uliyoipenda dukani inageuka rangi ya embe bivu, na pinki inakuwa chungwa. Bafu la namna hiyo lipe samawati, kijivu au kijani kilichopoa. Dirisha la mashariki ni kinyume chake: linapata jua la asubuhi, kisha kutwa nzima linabaki na mwanga baridi. Huko krimu na rangi ya udongo hafifu zinachangamsha chumba.

Kama nje ya dirisha kuna mwembe, mwanga umeshapita kwenye majani kabla haujaingia. Ukiongeza kijani ukutani, umezidisha.

Usisahau taa. Boksi la balbu huwa na namba yenye herufi K: 3000K ni mwanga wa njano, 6500K ni mweupe unaoelekea bluu. Nunua balbu kwanza, rangi baadaye.

Na kioo. Nilimpakia dada yangu bafu kule Ujiji, kijani cha majani ya mgomba, ukuta unaotazamana na kioo. Mchana lilipendeza. Usiku akawasha taa nyeupe, akanawa uso, akajitazama, akaniita: "Kaka, njoo unione, mimi naumwa?" Uso wake ulikuwa umechujuka kama wa mtu mwenye homa. Ukuta ulio mbele ya kioo ndio unaorudisha mwanga usoni, na kijani kilikuwa kimempaka yeye. Nilirudia ukuta ule mmoja kwa rangi ya maziwa, nyingine nikaziacha, na sasa panakalika.

Hatua ya tatu: jaribu kwenye ubao

Nunua kopo dogo kabisa. Chukua vipande viwili vya hadibodi, sentimita 50 kwa 50, vipake mara mbili, uviache vilale hadi kesho, kwa sababu rangi ya maji mara nyingi inakolea ikikauka. Usijaribu juu ya ukuta wenyewe. Jicho litalinganisha na rangi ya zamani, nalo litakudanganya.

Sasa visimamishe kwenye kona, vikutane ubavu kwa ubavu kama kuta mbili. Tazama pale vinapokutana: rangi imekolea zaidi kuliko katikati ya ubao, kwa kuwa kila upande unamrushia mwenzake rangi yake. Bafu zetu ni nyembamba, mita moja na nusu kwa mbili, kwa hiyo bafu zima ni kama kona hiyo. Ndiyo maana nawaambia wateja: ukipenda rangi kwenye kadi, chukua inayoifuata kwa wepesi. Vitazame asubuhi, saa saba, jioni, na usiku taa ikiwaka.

Hatua ya nne: aina na kiasi

Rangi ya maji isiyong'aa inanyonya unyevu na haisuguliki, iache chumbani. Kwa bafu chukua ya silki, yenye mng'ao kidogo. Rangi ya mafuta inahimili maji, lakini nyeupe ya mafuta kwenye chumba chenye giza inageuka njano kadiri miaka inavyokwenda, hata ukiiosha. Na kwa udongo wetu mwekundu unaoingia na ndala, mita moja ya chini ipake rangi nzito zaidi, kama kijivu cha jiwe au kahawia.

Lipu mpya isubiri siku 28. Sementi mbichi ina ukali unaobabua rangi na kufifisha zile zilizokolea. Bafu la mita moja na nusu kwa mbili, lenye kuta za mita 2.7 zisizo na vigae, lina takriban mita 17 za mraba za kupaka, ukitoa mlango na dirisha. Lita moja hupaka kama mita 10 mara moja, kwa hiyo kopo la lita 4 linatosha kupaka mara mbili.

Maswali ya wasomaji

*Mpangaji, Mwanga:* Shikamoo fundi. Nimekuta bafu limepakwa damu ya mzee, ya mafuta, limekuwa kama pango. Nikipaka krimu juu yake moja kwa moja?

Marahaba. Usifanye hivyo, itabanduka kama ganda la kitunguu. Piga msasa wa maji mpaka mng'ao uishe, osha, acha ikauke, paka prima (rangi ya chini ya kushikiza), ndipo krimu mara mbili. Ukiona wekundu bado unachungulia, ongeza ya tatu.

*Dada, Kasulu:* Kila masika madoa meusi yanarudi ukutani. Rangi gani inayaficha?

Hakuna, dada yangu. Hayo ni ukungu, na ukungu unastawi penye unyevu. Huko kwenu juu kuna baridi, ukuta unachelewa kukauka. Sugua kwa dawa ya klorini iliyochanganywa na maji, dirisha likiwa wazi. Usiichanganye kamwe na dawa ya kusafishia choo yenye asidi, inatoa hewa ya sumu. Kisha tafuta maji yanatoka wapi: bati linavuja, au bomba ndani ya ukuta? Rangi ije mwisho.

*Kijana, Uvinza:* Choo chetu cha nje, chokaa bado inafaa?

Inafaa sana. Ni rahisi na ukungu hauipendi. Itakushika nguo tu, na utairudia kila mwaka.

*Bibi, Ujiji:* Mwanangu, wajukuu wamenitengenezea bafu zuri, nyeupe tupu, sakafu, ukuta, choo. Usiku sioni choo kilipo, natafuta kwa mkono.

Shikamoo bibi. Swali lako nimelisoma mara mbili. Jicho la mtu mwenye umri mkubwa linahitaji tofauti ya rangi ili lipate ukingo wa kitu, na weupe juu ya weupe unaficha kila kitu. Waambie wajukuu wapake ukuta mmoja tu, ule wa nyuma ya choo, bluu iliyoiva au rangi ya matofali, mpaka chini kabisa. Fremu ya mlango nayo ipakwe hiyohiyo, na chuma cha kushikia kiwe cheusi juu ya ukuta mweupe. Kazi ya siku moja. Wakikosa mtu, nitakuja mwenyewe Jumamosi na brashi yangu.